SOKOINE: MBUNGE WA MIAKA 27 ALIYEPEWA JIMBO KUBWA KULIKO RWANDA NA BURUNDI

Kila ikifika tarehe 12 Aprili redio zetu zinakumbuka ajali ya Sokoine, kesho yake kimya. Tunaambiwa alikuwa waziri mkuu, alipambana na walanguzi, akafa. Basi. Leo nimeona nimwandike kwa upande ambao wengi wa rika letu hawaujui kabisa, yaani Sokoine kama mbunge. Kabla ya uwaziri mkuu, wakati wa uwaziri mkuu na hata siku anafariki, Edward Moringe Sokoine alikuwa mtu wa jimbo. Na jimbo alilopewa mwanzoni, ukiliangalia kwenye ramani unaweza kudhani ni mkoa mzima, tena mkoa mkubwa. Halipo tena hilo jimbo. Limekatwa, likakatwa tena, sasa hivi ni majimbo matano.

Tuanze na mwenyewe. Sokoine alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 Monduli, kwenye familia ya wafugaji wa Kimasai. Miaka hiyo mtoto wa Kimasai kupelekwa shule lilikuwa jambo la kushangaza. Wazazi wengi waliona shule ni kupoteza mchungaji wa ng'ombe, na ukitazama maisha yao yalivyokuwa huwezi kuwalaumu sana, kwa sababu darasani hawakufundishwa chochote kuhusu mifugo. Yeye alisoma shule ya msingi hapo hapo Monduli, halafu akavuka kwenda Uchagani, sekondari ya Umbwe. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wenyewe, akajiunga na TANU. Mwaka 1962 akapata nafasi ya kwenda Ujerumani Magharibi kusomea mambo ya utawala. Aliporudi 1963 akapewa kazi ya utendaji katika wilaya ya Masai. Kijana wa miaka 25!

Sasa hapa lazima tusimame kidogo tuiangalie hiyo wilaya ya Masai, maana ndiyo kiini cha hadithi.

Waingereza walipochukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani baada ya vita kuu ya kwanza, waliwatengea Wamasai eneo lao na kulifanya wilaya moja, makao makuu Monduli. Upande wa kaskazini ilipakana na Kenya, na huo mpaka nao ni kituko. Ni mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 na kumaliziwa 1890, kutoka pwani hadi ziwa Victoria, ukapinda kuuzunguka mlima Kilimanjaro. Wamasai hawakuulizwa. Ukoo mmoja ukajikuta nusu iko chini ya Nairobi na nusu chini ya Dar es Salaam. Upande wa kusini wilaya ilishuka mpaka nyika za Kiteto, karibu na Dodoma huko. Magharibi iligusa Serengeti, mashariki ikafika mto Pangani.

Ukubwa wake? Zaidi ya kilomita za mraba 60,000. Kwa wale wanaopenda kulinganisha: Rwanda ina kilomita za mraba 26,000 na kidogo, Burundi haifiki 28,000. Ziunganishe zote mbili, bado wilaya ya Masai inabaki na nafasi ya kulisha ng'ombe. Ndani yake kulikuwa na kreta ya Ngorongoro, mlima Lengai unaotema moto, ziwa Natron, bonde la Olduvai ambako akina Leakey waliokota fuvu maarufu mwaka 1959, na machimbo ya Mererani ambako tanzanite ilikuja kugunduliwa 1967. Watu sasa... wachache mno. Tena watu wenyewe hawakai sehemu moja. Mvua ikinyesha huku wanahamia huku, ikikauka wanarudi kule. Boma unaloliona Januari, Agosti unakuta miiba mitupu na jivu.

Kwa mtawala mwenye daftari hao ni watu wagumu sana. Ukitaka kuhesabu watu unahitaji wakae. Ukitaka kuwapa shule unahitaji wakae. Ukitaka kuwapigisha kura vilevile.

Mwaka 1965 ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa mfumo wa chama kimoja. Majimbo yalikuwa 107 Tanganyika nzima. Utaratibu wake vijana wa leo mnaweza kuucheka: chama kinapitisha wagombea wawili kila jimbo, wote wa TANU, mmoja anapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, kwa sababu wapiga kura wengi walikuwa hawajui kusoma. Lakini usidhani ulikuwa mchezo wa kuigiza. Watu walichagua kwelikweli. Waziri wa fedha wa wakati ule, Paul Bomani, aliangushwa jimboni kwake! Kwenye upepo huo huo ndipo Sokoine akaingia bungeni kuwakilisha jimbo la Masai. Umri wake miaka 27.

Jaribu kupiga picha kazi yenyewe. Hakuna simu ya mkononi, hakuna lami, hakuna hata barabara ya kueleweka. Kutoka Monduli kwenda Loliondo ni safari ya kushuka bonde la ufa na kupanda tena. Kutoka Monduli kwenda Kibaya, Kiteto, unavuka nyika ya Simanjiro ambayo mvua ikinyesha gari linazama kwenye udongo mweusi mpaka mjiulize mlitoka nyumbani kufuata nini. Mbunge wa Dar es Salaam angeweza kuzunguka jimbo lake lote kwa baiskeli kati ya asubuhi na jioni. Mbunge wa Masai angemaliza wiki nzima na bado kuna watu hawajamuona. Na kura ya mbunge huyu bungeni ni moja, sawa na ya yule wa baiskeli.

Hapo ndipo penye utata ambao haujaisha mpaka leo. Ukigawa majimbo kwa kuangalia idadi ya watu peke yake, wafugaji wanapata mbunge mmoja kwenye eneo la nchi mbili. Ukigawa kwa kuangalia ukubwa wa ardhi, watu wa mjini watalalamika kwamba kura ya Mmasai mmoja ina uzito kuliko zao kumi. Katiba yetu, ibara ya 75, imejaribu kukaa katikati. Inaitaka Tume ya Uchaguzi izingatie idadi ya watu, lakini pia njia za mawasiliano na hali ya kijiografia, na ipitie upya mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka kumi. Kwenye karatasi inasomeka vizuri tu.

Turudi kwa mzee. Bungeni hakukaa sana kiti cha nyuma. Mwaka 1967 akawa naibu waziri kwenye wizara ya mawasiliano na uchukuzi, kazi iliyomfaa mtu anayetoka jimbo lisilo na barabara. Mwaka 1970 akawa waziri wa nchi katika ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Mwaka 1972 akapewa wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Miaka mitano akiwa hapo jirani Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, kwa hiyo haikuwa wizara ya kukaa na kunywa chai.

Huku nyumbani jimboni mambo mazito mawili yalikuwa yanaendelea, na yote yanahusu mipaka.

La kwanza ni ranchi. Sheria ya mwaka 1964 iliruhusu wafugaji kuunda vyama vya ranchi, wapewe eneo lenye mipaka, wajengewe majosho na malambo ya maji, na wapunguze mifugo ilingane na majani. Miaka ya 1970 Wamarekani kupitia shirika lao la misaada wakaweka pesa kwenye mradi mkubwa wa mifugo Umasaini. Majosho yalijengwa, mabwawa yakachimbwa. Ila mwisho wa muongo mradi ukafungwa na vingi vikaanza kuharibika. Wapo wanaosema tatizo lilikuwa vipuri na pesa. Mimi nionavyo, tatizo lilianzia kwenye wazo lenyewe kwamba mvua za Umasaini zinaweza kufuata mstari wa ranchi. Mvua haina kadi ya uanachama jamani.

La pili ni vijiji. Wakati nchi nzima inahamishiwa vijiji vya ujamaa, Umasaini operesheni ilipewa jina la Kimasai, Operesheni Imparnati, yaani mambo ya makazi ya kudumu. Ilifanyika katikati ya miaka ya 1970. Sokoine aliiunga mkono. Hili hatuwezi kulificha kwa sababu tunampenda. Yeye aliamini kabisa kwamba Mmasai asipokaa mahali penye shule, zahanati na jina la kijiji, ipo siku atakuja mtu mwenye karatasi achukue ardhi, na Mmasai hatakuwa na karatasi ya kumjibu. Wapinzani wake wanasema wafugaji walisukumwa sehemu moja, majani yakaisha, uhuru wa kuhama ukabanwa. Wote wana hoja. Ukweli mmoja unaoonekana leo ni kwamba vijiji vilivyoandikishwa enzi zile ndivyo ambavyo wafugaji walikuja kuvishika kama ngao mahakamani miaka mingi baadaye, mashamba makubwa na makampuni ya uwindaji yalipoingia. Vijiji hivyo hivyo ambavyo wazee walivinung'unikia!

Tena woga wake wa karatasi haukuwa wa bure. Kijana Sokoine alikuwa na miaka 20 hivi wakati Wamasai waliokuwa wanaishi Serengeti wanaondolewa ili ibaki hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro likatengwa kuwa hifadhi ya aina yake, watu na wanyama pamoja, na waliohamishwa wakaahidiwa kwamba huko wataishi na ng'ombe wao. Kwa hiyo yeye alikua anaona kabisa kwamba mstari kwenye ramani ni kitu kinachoweza kumla mtu.

Halafu jimbo lenyewe likaanza kukatwa. Miaka ya 1970 wilaya ya Masai ikagawanywa: kusini ikawa Kiteto, kaskazini ikawa Monduli. Jina la Masai likafutika kwenye orodha ya wilaya, na Sokoine akabaki na Monduli. Mwaka 1979 Monduli nayo ikakatwa, upande wa magharibi ukawa wilaya ya Ngorongoro, makao makuu Loliondo. Angalia tarehe hapo wadau. Mwaka 1979 Sokoine ndiye waziri mkuu! Na tangu serikali ilipopeleka madaraka mikoani mwaka 1972, mambo ya mikoa na wilaya yalikuwa yanasimamiwa na ofisi ya waziri mkuu. Yaani wilaya ya nyumbani kwake ilipunguzwa akiwa yeye amekaa pale juu. Siku hizi ukimgusia mbunge kata moja tu ihamie jimbo la jirani, anaitisha waandishi wa habari.

Uwaziri mkuu aliupata tarehe 13 Februari 1977, siku chache tu baada ya TANU na ASP kuungana kuwa CCM. Alikuwa na miaka 38. Lakini Februari ile ile kulitokea jambo lingine lililowagusa watu wake moja kwa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa inasambaratika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Namanga kufuli. Kwa mtu wa Dar hiyo ilikuwa habari ya gazetini. Kwa mtu wa Longido ilikuwa shangazi yake yuko ng'ambo ya pili, soko la ng'ombe liko ng'ambo ya pili, na sasa kuvuka ni magendo. Kufungua mpaka hakukuwa mikononi mwa mbunge, hata mbunge huyo akiwa waziri mkuu.

Miaka mitatu na miezi kadhaa ya awamu yake ya kwanza ilikuwa moto. Amin akavamia Kagera Oktoba 1978, vita ikapiganwa hadi 1979, na waziri mkuu ndiye aliyekuwa anahangaika nyuma kutafuta magari, chakula na mafuta kwa ajili ya jeshi. Nchi ikashinda vita ikiwa imefilisika. Mafuta yamepanda bei, mazao yameshuka, madukani hakuna kitu. Novemba 1980 Sokoine akaondoka madarakani, ikielezwa kuwa ni sababu za afya, Cleopa Msuya akashika nafasi yake. Sokoine akaenda Yugoslavia kusoma. Waziri mkuu mstaafu, mtu mzima, anarudi darasani! Kwa hilo tu mimi namvulia kofia.

Februari 1983 Mwalimu akamrudisha. Na mwaka huu mmoja wa mwisho ndio uliomfanya jina lake litajwe mpaka leo kwenye vijiwe.

Waulizeni wazazi wenu hali ilivyokuwa. Sabuni foleni. Sukari foleni. Khanga foleni, na ukifika mbele zimekwisha, halafu jioni unaziona kwa mlango wa nyuma kwa bei mara nne. Machi 1983 Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Zaidi ya watu elfu moja wakakamatwa, wafanyabiashara, maofisa wa mashirika ya umma, wakubwa kwa wadogo. Watu waliokuwa wameficha mali wakaanza kuitupa usiku, mitaroni, vichakani, mitoni. Wananchi wa kawaida wakashangilia kweli, kwa mara ya kwanza waliona mkubwa naye anakamatwa.

Lakini tusiwe washabiki tu. Sheria ya kuwashughulikia wahujumu ilikuja baada ya watu kuwa wameshakamatwa. Mahakama yake ilikuwa maalum, hakuna dhamana, hakuna wakili. Ndani ya wale waliosombwa walikuwemo wenye maghala ya kuficha bidhaa, na walikuwemo wenye vijiduka tu. Mwaka uliofuata sheria hiyo ikabadilishwa na kuletwa nyingine yenye utaratibu wa kimahakama zaidi. Mwaka huo huo 1983 ikaja pia sheria ya Nguvu Kazi, kila mtu mwenye uwezo lazima awe na kazi, na vijana waliokuwa wanauza vitu mitaani Dar es Salaam wakakamatwa kama wazururaji na kurudishwa vijijini. Sisi tunaojibanza kwenye vibarua vya kuungaunga, nadhani enzi hizo tungelala mahabusu. Nampenda Sokoine, ila hapo kwa kweli siwezi kumtetea.

Upande wa pili wa shilingi: mwaka huo huo ndipo serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, maana mabasi ya UDA yalikuwa yameshindwa kabisa. Nauli shilingi tano, yaani dala. Daladala unayoipanda leo ukibanwa kama dagaa, ilihalalishwa wakati wa Sokoine. Na Novemba 1983 marais wa Kenya, Uganda na Tanzania wakakutana Arusha, wakamaliza ugomvi wa mali za ile jumuiya iliyokufa, mpaka wa Namanga ukafunguliwa. Watu wa Longido wakapita mchana kweupe kwenda kusalimia ndugu zao baada ya karibu miaka saba.

Miezi mitano baadaye, tarehe 12 Aprili 1984, Sokoine alikuwa anatoka Dodoma kwenye kikao cha Bunge anarudi Dar kwa barabara. Karibu na Dakawa, mkoani Morogoro, msafara wake ukagongana na gari lililokuwa linaendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC, ambao walikuwa na makazi yao maeneo hayo ya Dakawa na Mazimbu. Sokoine akafariki. Miaka 45 tu. Jioni Mwalimu Nyerere mwenyewe akaitangazia nchi kupitia Radio Tanzania. Najua hapo chini kwenye maoni mtajaza nadharia za nani alimuua, maana habari hizo haziishi. Mimi naandika kile kinachojulikana: ilikuwa ajali ya barabarani, na dereva alifikishwa mahakamani. Mwenye ushahidi mwingine aulete, uvumi tumeshausikia wa kutosha.

Alizikwa nyumbani, Monduli Juu. Wengi waliamini yeye ndiye angempokea Mwalimu kijiti mwaka 1985, na badala yake akaja mzee Mwinyi. Chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kilichoanzishwa Julai 1984 kikapewa jina lake, SUA. Mbeya kuna uwanja wa mpira, Dar es Salaam kuna barabara. Waliowahi kumuona wanasimulia zaidi kuhusu maisha yake ya kawaida, kwamba hakuacha majumba ya ajabu na mali zake zilikuwa ng'ombe, kama Mmasai mwingine yeyote.

Jimbo nalo halikuacha kukatwa baada yake. Mwaka 1993 Simanjiro ikatolewa kwenye Kiteto. Mwaka 2002 ukaundwa mkoa wa Manyara, Kiteto na Simanjiro zikahamishiwa huko, kwa hiyo Umasaini ukawa mikoa miwili. Katikati ya miaka ya 2000 Longido nayo ikawa wilaya, imetoka Monduli. Hesabu sasa: Monduli, Longido, Ngorongoro, Simanjiro, Kiteto. Wilaya tano, wabunge watano, pale alipokuwa anasimama mtu mmoja mwaka 1965. Monduli iliyobaki ni kama kilomita za mraba 6,400, moja ya kumi ya jimbo la mwanzo. Na bado ikatoa waziri mkuu wa pili, Edward Lowassa, aliyeshika cheo hicho kuanzia mwisho wa 2005 hadi alipojiuzulu Februari 2008. Edward wawili, jimbo moja. Lowassa naye alifariki Februari 2024.

Je, kukatwa kumesaidia? Kwa huduma, ndiyo. Mtu wa Loliondo hahitaji tena kwenda Monduli kufuata muhuri. Lakini hata vipande hivi bado ni vikubwa. Ngorongoro peke yake ina kilomita za mraba 14,036, imeuzidi mkoa mzima wa Kilimanjaro. Sensa ya 2002 ilikuta watu 129,776 humo, ya 2012 ikakuta 174,278. Mkoa wa Kilimanjaro una majimbo kadhaa, Ngorongoro lina moja. Zanzibar kwa taratibu zake ina majimbo 50 kwenye eneo lisilofika kilomita za mraba 3,000. Na Tume ilipotangaza majimbo mapya 8 Mei 2025, Dar es Salaam ikapata Kivule na Chamazi. Watu ndiko waliko, sawa, lakini wafugaji wana haki ya kuuliza ibara ya 75 imesoma wapi neno jiografia.

Na kuna kubwa zaidi ya hilo. Zaidi ya nusu ya wilaya ya Ngorongoro ni ile hifadhi ya 1959. Kuanzia mwaka 2022 serikali imekuwa ikihamishia familia Msomera, Handeni, mkoani Tanga, ikisema watu na mifugo wamezidi uwezo wa hifadhi. Wengine wameondoka kwa kuandikishwa, wengine wamegoma. Juni 2022 huko Loliondo zikawekwa alama za mpaka kutenga kilomita za mraba 1,500 kuwa eneo la wanyama, ikatokea vurugu, watu wakaumia na askari mmoja akauawa. Halafu Agosti 2024 likatoka tangazo la serikali kufuta kata 11 na vijiji 25 vya tarafa ya Ngorongoro. Kijiji kikifutwa hakuna uchaguzi wa serikali ya kijiji, na kituo cha kupigia kura nacho kinahama. Maelfu ya watu wakaingia barabarani wakiwa na rubega zao, magari ya watalii yakakwama siku kadhaa. Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo, na serikali ikarudi nyuma, ikasema vijiji vipo na watu watapiga kura palepale wanapoishi.

Ndiyo maana nilitaka tumuangalie Sokoine kutokea jimboni na si kutokea ikulu. Yeye aliwaambia Wamasai wakae vijijini wawe na jina la kijiji kwenye daftari. Miaka 50 hivi baadaye vita ikawa juu ya daftari lenyewe. Sijui angesimama upande gani, na nawaogopa wanasiasa wanaomsemea marehemu kila uchaguzi.

Wadau mlioko Kibaya, Orkesumet, Longido, Loliondo, na nyie wa Monduli mjini: wazee wenu wanasimuliaje kura ya jembe na nyumba ya mwaka 1965? Kituo kilikuwa wapi, na walitembea siku ngapi kukifikia? Andikeni hapo chini, na wa Umbwe mliosoma shule moja na mzee msijifiche.